Je, Wajua? Chapa ya Msanii Si Kopi

Je, wajua kwamba neno "chapa" lilivuka bahari kuja kwetu? Asili yake ni chhap ya Kihindi, yaani alama inayobaki baada ya kugandamiza. Limekaa pwani mpaka limekuwa mwenyeji: kiberiti kina chapa, ng'ombe ana chapa, kitabu hupigwa chapa, na Serikali ya Tanzania ina ofisi ya Mpiga Chapa Mkuu. Hata hivyo, mgeni akiingia sebuleni kwangu hapa Chukwani, akasimama mbele ya fremu, nikamwambia kuwa ile ni chapa ya msanii, uso humshuka kidogo. "Kumbe si yenyewe." Ni yenyewe. Mengi nitakayoyasema leo yanalizunguka jibu hilo.

Je, wajua kwamba mvaa kanga analielewa jambo hili kuliko wengi wetu? Dukani Darajani zimepangwa doti hamsini za kanga moja: pindo moja, mji mmoja, jina moja. Hakuna mama anayemuuliza mwenye duka ipi ndiyo kanga halisi na zipi zimenakiliwa kutoka kwake. Zote ni kanga. Hakuna kanga nyingine iliyofungiwa kabatini ambayo hizi ni vivuli vyake. Chapa ya msanii iko hivyo hivyo, ila yeye hutoa chache, kwa mkono, na akishatimiza idadi aliyoitaja husimama.

Tena kanga ni ndugu wa damu wa sanaa hii. Zamani mafundi wa pwani waligonga maua kwenye nguo kwa vibao vya kuchonga. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na mpaka leo wanaokusanya kanga kuukuu huangalia kwanza kama nguo ina maneno "Mali ya Abdulla", alama ya biashara hiyo. Hiyo nayo ni sahihi ya mpiga chapa.

Je, wajua kwamba ubao uliochongwa wenyewe si picha? Msanii huchonga kinyumenyume. Mkono wa kulia wa mtu wake huwa wa kushoto, na akitaka kuandika jina, herufi hutazama nyuma. Anachokiondoa kitabaki cheupe. Anachokiacha ndicho kitakachoshika wino. Picha huzaliwa pale karatasi inapobanduliwa, wala haijawahi kuwako popote kabla ya hapo. Ndiyo maana kumwambia msanii wa chapa akuonyeshe "ile ya asili" ni kumtafutisha kitu ambacho hakipo.

Je, wajua kwamba fundi wa nakshi za milango ya Mji Mkongwe anazo tayari zana za mchonga chapa? Patasi, bobari, nyundo ya mti na mkono usiotetemeka. Mlango husubiri macho, ubao wa chapa husubiri wino. Kila ninapopita kwenye karakana nikasikia ile kogo-kogo ya nyundo, natamani fundi apake wino kipande kimoja cha ua lake, alaze karatasi juu, na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Mashine haihitajiki. Kijiko kinatosha, na wasanii wengi duniani wanakitumia hadi leo.

Je, wajua kwamba kuna ubao unaoliwa na kazi yake mwenyewe? Fred Mutebi wa Uganda, aliyezaliwa 1967, amejijengea jina kwa njia hii. Huanza na ubao mmoja, anachonga kidogo, anapiga rangi nyepesi kwenye karatasi zote. Anaurudia ubao ule ule, anachonga tena, anapiga rangi ya pili juu ya ya kwanza. Kila rangi inapoongezeka ubao unapungua, na ikifika rangi ya mwisho, ile nzito, umebaki visiwa visiwa tu. Tuseme alianza na karatasi thelathini akaharibu kumi njiani. Hizo ishirini ndizo zitakazokuwako duniani milele, kwa sababu hakuna pa kurudi. Picasso naye aliitumia njia hiyo kwenye lino, kule Vallauris kusini mwa Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1950.

Mutebi ni mtetezi pia wa lubugo, nguo ya gome la mti wa mutuba, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Mkenya Michael Armitage anapaka rangi zake za mafuta juu ya lubugo hilo hilo, pamoja na matundu na mishono yake. Kwa hiyo msanii wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuona haya kwa kukosa karatasi ya Ulaya.

Je, wajua kwamba mmoja wa wasanii wa Tanzania waliofika mbali kabisa aliajiriwa kwanza kama mlinzi? George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa 1934 upande wa Masasi, alipata kazi ya ulinzi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa mwaka 1972 na mtawa Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alifungua jengo lake jipya. Vijana waliingia pale na vipaji vyao wakakuta batiki, vitenge, ngozi za mbuzi, na pia mabamba ya kuchorea na mashine ya kugandamiza. Mwaka 1978 kazi za Lilanga na wenzake zilionyeshwa Washington, na alipofariki mwaka 2005 mashetani wake wenye masikio makubwa na vidole vichache walikuwa wameshazunguka mabara.

Hapo kwenye bamba nataka tutulie kidogo, kwa sababu watu hudhani ni uchawi wa mashine, na ukweli ni uchawi wa mikono. Chukua bamba la zinki. Lipake nta au lami nyembamba. Chora juu yake kwa sindano, kwa wepesi kama unavyochora kwa kalamu, na kila unapopita sindano inafunua chuma. Tumbukiza bamba kwenye tindikali. Tindikali haiwezi kuila nta, bali inaingia pale ulipofunua na kuchimba mfereji. Ukitaka mstari hafifu, toa mapema. Ukitaka mweusi wa usiku wa manane, acha bamba lilale zaidi. Kisha safisha, sukumiza wino mzito ndani ya mifereji, futa uso wa bamba kwa kitambaa mpaka ung'ae. Lowesha karatasi ya pamba, ilaze juu, pitisha kwenye mashine. Karatasi mbichi inaingia mferejini yenyewe na kuunyonya wino. Pitisha kidole, kwa adabu, kwenye chapa ya namna hii: mistari imeinuka kama nyuzi za darizi, na pembezoni kuna bonde dogo la mraba, alama ya ukingo wa bamba. Picha iliyotolewa kwenye mashine ya ofisi haina bonde hilo.

Lilanga alichora hivyo. Robino Ntila, aliyezaliwa 1953, amechora hivyo, na Patrick Francis Imanjama pia. Ukikuta mojawapo ya majina hayo limeandikwa kwa penseli chini ya chapa ndogo nyeusi, usipite haraka kwa kuwa haina rangi. Watalii hupita. Macho yao yanatafuta twiga wa Tingatinga, na sina ugomvi na Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeishi 1932 hadi 1972, alitupa mtindo mzima kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi. Lakini chapa za Nyumba ya Sanaa ni sura ya historia yetu ambayo wenyewe hatujaikusanya vya kutosha, na inaniuma.

Je, wajua kwamba binti mzaliwa wa Zanzibar alishinda Tuzo ya Turner ya Uingereza? Lubaina Himid alizaliwa hapa mwaka 1954, akapelekwa Uingereza akiwa na umri wa miezi minne baada ya baba yake kufariki, akalelewa na mama yake, msanifu wa nguo. Alishinda mwaka 2017 akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Katika kazi zake utakuta kanga: pindo, mji, na maneno yanayomsemesha mtazamaji. Aliondoka bado ananyonya, na kisiwa bado kinamtoka mikononi.

Je, wajua kwamba mabinti tisa wa Mumbi, mama wa Wagikuyu katika simulizi zao, wako kwenye chapa? Wangechi Mutu, Mkenya aliyezaliwa 1972, alitoa mwaka 2012 mfululizo wa chapa tisa kwa jina lao, kwa ushirikiano na mafundi wa Pace mjini New York. Mwaka uliofuata akatoa "Second Born", chapa iliyotiwa dhahabu. Na kabla ya hapo, mwaka 2006, alichukua kurasa za zamani za vitabu vya udaktari kuhusu maradhi ya wanawake akazigeuza kuwa nyuso kumi na mbili ambazo huwezi kuzitazama mara moja ukaondoka. Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa, ana chapa iitwayo "Auguries" ya mwaka 2010, yenye vipande kumi na viwili vinavyojaza ukuta mzima.

Chapa kama hizo si za mfuko wa mwalimu wa skuli. Nazitaja ili ijulikane kuwa wakubwa wa leo hawaioni chapa kama kazi ya daraja la pili. Msanii anaiingia kwa sababu kuna jambo ambalo brashi haiwezi kumfanyia.

Je, wajua kwamba mtawala aliyejenga kasri hapa Chukwani ndiye pia aliyeleta mtambo wa chapa? Sultani Barghash bin Said, aliyetawala 1870 hadi 1888, alipenda upepo wa ufukwe huu wa kusini mwa mji. Kabla ya kutawala aliwahi kuishi uhamishoni Bombay, mji uliokuwa ukitoa misahafu na vitabu vya dini vilivyofika mpaka pwani yetu. Mtambo wake wa kisultani ulianza kutoa vitabu vya Kiarabu karibu na mwaka 1880, kikiwemo Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fikihi ya Kiibadhi chenye juzuu nyingi. Kasri la Chukwani halipo tena kama alivyoliacha. Juzuu zile bado ziko maktabani. Karatasi imeishinda chokaa na mawe.

Je, wajua kwa nini Waislamu wa India walilipenda jiwe? Chapa ya jiwe, lithografia, ilibuniwa Bavaria kuanzia 1796 na Alois Senefelder, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa akitafuta njia rahisi ya kuchapa kazi zake. Siri yake anaijua kila mpishi: mafuta na maji hayaelewani. Unaandika kwa wino wa mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, unalilowesha, unapitisha rola la wino. Penye maji wino unakataa, penye mafuta unashika. Kwa herufi za risasi khati ya Kiarabu hukatika viungo. Kwa jiwe, mwandishi wa khati anaandika kwa mkono wake, na mkono huo huo ndio unaosomwa na watu elfu.

Na jiwe hilo ndilo lililohifadhi baadhi ya sura za zamani kabisa za watu wa pwani hii zilizotokana na kamera. Kati ya 1846 na 1848 nahodha Mfaransa Charles Guillain alipita Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo, kwa jahazi la kivita lililoitwa Ducouëdic, na picha zilipigwa kwa njia ya mwanzo kabisa ya kamera, ile ya bamba la fedha. Wakati ule hapakuwa na namna ya kuichapa picha ya kamera kitabuni. Basi mafundi wa Paris wakakaa mbele ya picha hizo na kuzichora upya juu ya mawe. Albamu ikatoka: miji, nyumba, na watu wanaokutazama. Nikiona kurasa zake huwa najiuliza waliokaa mbele ya kamera ile waliambiwa nini, na kama kuna kilembwe wa mmoja wao anayepita Forodhani leo bila kujua kwamba sura ya bibi yake iko kwenye karatasi.

Je, wajua kwamba Kilwa na Mombasa zilichongwa kwenye shaba mwaka 1572? Mwaka huo, mjini Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walitoa kitabu cha miji ya dunia, na katika ukurasa mmoja waliweka Aden juu, kisha Mombasa, Kilwa na Sofala chini yake. Kurasa hizo bado zinauzwa, mara nyingi zikiwa zimekatwa kutoka kitabuni, na hapa nina nasaha moja kwa mnunuzi: igeuze karatasi. Mgongoni mwa ile ya kweli kuna maandishi, kwa Kilatini, Kijerumani au Kifaransa kutegemea toleo. Mgongo mtupu na mweupe unapaswa kukutia wasiwasi.

Miaka zaidi ya sitini kabla ya hapo, mwaka 1508, Hans Burgkmair wa Augsburg alichonga kwenye mbao watu wa Afrika, Arabuni na India akifuata habari za Balthasar Springer. Huyo Springer alisafiri na kundi la meli za Francisco de Almeida mwaka 1505, meli zile zile zilizoivamia Kilwa mwezi Julai na kuichoma Mombasa mwezi Agosti. Ni chapa nzuri sana kwa ufundi. Mimi nashindwa kuitazama bila kunusa moshi.

Je, wajua kwamba huenda nyumbani kwenu tayari mna mkusanyiko wa chapa? Fungua lile bati la biskuti la babu lenye stempu. Stempu za kwanza za Zanzibar, za mwaka 1895, zilikuwa stempu za India zilizogongwa jina la Zanzibar hapa hapa kisiwani, katika ofisi ya gazeti la Zanzibar Gazette. Mpanga herufi akakosea, na nyingine zikatoka zimeandikwa "Zanzidar". Kosa hilo la herufi moja linawafanya wakusanyaji walipe pesa nyingi, na pia linawafanya waghushi wajaribu bahati yao, kwa hiyo usinunue bila cheti. Mwaka 1896 kampuni ya De La Rue ya London ilitoa stempu zenye sura ya Sultani Hamad bin Thuwaini, zilizochongwa kwenye chuma na kupigwa kwa wino wa mferejini, ufundi ule ule wa bamba. Sultani huyo alifariki Agosti mwaka huo huo. Na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zilizokuwepo ziligongwa muhuri kwa mkono: JAMHURI 1964. Muhuri mmoja umeinama, mwingine umekolea, mwingine umeshika pembe tu. Hakuna mbili zinazofanana kabisa.

Je, wajua kusoma penseli iliyoko chini ya chapa? Upande wa kushoto utaona mfano 7/40. Maana yake, toleo zima ni karatasi arobaini, na hii imepewa namba saba. Haimaanishi lazima ilitoka ya saba, maana karatasi hukauka pamoja na kuchanganyika kabla ya kuhesabiwa. Ukiona E.A. au A.P., ni ya msanii mwenyewe, nje ya hesabu ya toleo. B.A.T. ni ile ambayo msanii ameikubali, nyingine zote zinafuata mfano wake, nayo kwa kawaida hubaki kwa mpiga chapa. Kwa nini penseli? Ni desturi iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19, na ina faida yake: penseli haichujuki kwenye jua kama kalamu, na ni vigumu kwa mashine kuuiga ule mng'ao wake wa kijivu.

Namba ndogo haiongezi thamani yenyewe, ingawa wauzaji hupenda kukuambia hivyo. Isipokuwa kwa bamba lililochorwa kwa sindano kavu bila tindikali. Pale sindano huacha manyoya ya chuma pembeni mwa mstari, manyoya hayo hushika wino na kutoa weusi laini kama mahameli, na kila mgandamizo huyalaza. Hapo karatasi za mwanzo ni nzuri kweli kuliko za mwisho.

Je, wajua kwamba sahihi ya kweli inaweza kukaa chini ya kazi ya uongo? Salvador Dalí alitia sahihi karatasi tupu kwa maelfu. Mwaka 1974 forodha ya Ufaransa ilisimamisha gari lililokuwa na karatasi tupu zipatazo 40,000 zenye jina lake, na tangu hapo chapa zake za miaka ya mwisho zinatazamwa kwa jicho la shaka. Mkono ulikuwa wake. Picha zilizokuja baadaye juu ya karatasi hizo hakuzigusa.

Rembrandt alifariki 1669 akiwa ameacha chapa karibu 300. Mabamba yake yapatayo 80 bado yapo, na watu waliendelea kuyapigia karatasi mpaka karne ya 20, mistari ikizidi kufifia. Ni bamba lake, lakini si jicho lake lililosema "hii imetosha". "Wimbi Kubwa" la Hokusai, la karibu 1831, lilitolewa kwa maelfu na kuuzwa kwa bei ya bakuli mbili za tambi. Wataalamu huzipanga zilizobaki kwa kuangalia nyufa kwenye kisanduku cha jina: mstari ukiwa mzima, ubao ulikuwa bado kijana.

Je, wajua kwamba sonara anaweza kukuokoa? Azima lenzi yake, ile ya kubana jichoni, kabla ya kulipa. Ukiona nukta ndogondogo za rangi zimepangana kama maua, hiyo ni picha ya kiwandani hata kama imetiwa namba na sahihi. Chapa ya lino huonyesha wino uliojikusanya kwenye kingo. Chapa ya tindikali huonyesha mstari ulioinuka. Kisha muulize muuzaji mambo manne: imefanywa kwa njia gani, toleo ni karatasi ngapi, karatasi ni ya aina gani, na bamba au ubao uko wapi sasa. Msanii wa kweli hufurahi kuulizwa. Atakushika mkono akuonyeshe.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa chapa hapa kwetu hapigi hodi? Ni unyevu. Kuvu hustawi hewa inapozidi unyevu wa asilimia 65 hivi, na Chukwani wakati wa masika tuko juu ya hapo usiku na mchana, na chumvi ya bahari juu yake. Chapa yangu ya kwanza, simba wa lino niliyemnunua kwa akiba ya miezi mitatu, niliipeleka kwa fundi wa fremu mjini. Aliibandika yote kwenye hadibodi kwa gundi ya mbao, akaigusisha na kioo. Masika mawili yalitosha. Madoa ya kahawia yalimpanda simba kuanzia miguuni, na kioo kikang'ang'ania wino wa shingo. Haikubanduka. Fundi hakuwa mtu mbaya; hakuna aliyemfundisha, na mimi sikujua cha kumwambia.

Sasa najua, nami nakwambia. Chapa ishikwe kwa vipande viwili tu vya karatasi nyembamba upande wa juu, kwa uji wa wanga wa ngano uliopikwa, ambao maji yataubandua hata baada ya miaka hamsini. Selotepu isikaribie. Kadi isiyo na asidi iwekwe kati ya chapa na kioo, ili hewa ipite. Nyuma ya fremu, pembe zote nne, bandika vipande vya koki ili isigusane na ukuta, hasa kuta za Mji Mkongwe za matumbawe na chokaa, ambazo hunyonya maji kutoka chini na kutema chumvi. Isitazamane na dirisha la magharibi. Mwezi mmoja mmoja itoe, itazame mgongo, umkimbize yule mdudu wa fedha anayependa wanga kuliko sisi tunavyopenda ugali.

Je, wajua bamba hufanywa nini toleo likishakamilika? Msanii mwaminifu huchukua sindano na kulikwaruza msalaba, kutoka pembe hadi pembe, kisha hupiga karatasi moja ya mwisho kuthibitisha kwamba limekufa. Ubao hupasuliwa, jiwe husuguliwa kwa mchanga mpaka likawa jeupe, tayari kwa mwingine. Kuanzia saa hiyo picha haiko tena karakanani. Iko kwenye zile karatasi arobaini zilizotawanyika, moja Nairobi labda, moja Muscat, moja kwenye droo ya mtu asiyejua anacho nini, na moja ukutani hapa Chukwani, imeachana na ukuta kwa upana wa koki, mlango ukiwa wazi na upepo wa bahari ukipita nyuma yake.